Jani Ambalo Edris Pinnock Hakulitaja

Daftari la kliniki ya watoto ya Tirza, katika milima ya Clarendon, Jamaica, linaonyesha kwamba Jumanne tarehe 11 Oktoba 1955 Edris Pinnock, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alimleta mjukuu wake Pansy, wa miaka mitatu na miezi miwili, uzito ratili ishirini na tatu. Kwenye safu ya ugonjwa nesi aliandika: mafua, tumbo limevimba. Kwenye safu ya dawa za nyumbani yameandikwa majina ya majani kumi.

Yalikuwa kumi na moja.

Edris hakuwa mtu wa kusahau jani. Alizaliwa Tirza, akaolewa Tirza, akamzika mumewe Tirza, na kwa miaka thelathini wanawake wa kijiji hicho walimwita yeye kabla ya kumfikiria daktari, kwa sababu daktari alikuwa maili kumi na nne na Edris alikuwa ng'ambo ya korongo. Hakutoza kitu. Aliyepona alileta alichonacho: viazi vikuu, mayai, kikapu cha kahawa mbichi. Hakuwa mganga wala hakupenda kuitwa hivyo. Alikuwa mama wa nyumbani mwenye kumbukumbu kali na shamba la migomba lililopakana na chemchemi, mahali ambapo karibu kila kitu cha kuchemshwa kiliota bila kupandwa.

Kwa watu wa Tirza kinywaji chochote cha moto ni chai, na mtoto hatoki mlangoni asubuhi bila chai tumboni. Mzima hunywa ya kumkinga, mgonjwa hunywa ya kumtibu, na baina ya hao wawili hakuna mpaka unaoonekana. Mafua nayo yana ngazi zake. Yakiwa mapya hukaa kichwani, na dawa yake ni mchaichai na tangawizi, ndimu iliyochomwa kwenye majivu ya moto na kukamuliwa juu ya asali, ramu nyeupe kidogo utosini, na mshumaa laini wa mafuta ya ng'ombe uliosuguliwa puani na kifuani. Yakipuuzwa hushuka kifuani, na hapo hutafutwa jani la uzima na majani ya mpera. Yakipuuzwa tena hushuka tumboni, na yakishafika huko chai nyepesi haina kazi. Hapo ndipo watu walipomhitaji Edris, maana ndiye aliyejua mgongo mweupe unapoota, wa kuchuma ni kiasi gani na unachemka kwa muda gani.

Mgongo mweupe ni kichaka cha kufika kiunoni. Jani lake ni la kijani juu, na upande wa chini limepauka kama limepakwa unga. Shangazi yake alimwonyesha mwaka aliovunja ungo, akamwambia asiwaonyeshe watu ovyo, si kwa sababu ni hatari bali kwa sababu wataling'oa likaisha. Edris alishika neno hilo. Aliwapelekea watu jani likiwa limekwisha kuchemshwa, ndani ya chupa, na wengi walioinywa chai hiyo hawakuwahi kuuona mti wake.

Pansy alikuwa mtoto wa binti yake wa mwisho, Lurline, aliyepanda meli kwenda Uingereza mwezi wa Aprili mwaka 1954 na kupata kazi ya kufua mashuka Birmingham. Barua zake zilikuja kila mwezi, na karibu zote zilizungumzia jambo moja. Aliandika kwamba baridi ya huko haifanani na ubaridi wa asubuhi wa milimani. Watoto wanatoa moshi mdomoni. Mtoto wa mwenye nyumba alishikwa na mafua Novemba, akakohoa mpaka Machi. Mwezi Mei akaandika kwamba amepata chumba kikubwa zaidi na kwamba Pansy atasafiri Januari, pamoja na mama mmoja wa kijiji cha chini anayemfuata mumewe.

Edris alisomewa barua hiyo mara mbili, kisha akahesabu miezi. Alikuwa na saba. Hakuweza kumpa mtoto koti wala viatu vya sufu, lakini kifua cha mtoto kilikuwa bado mikononi mwake. Alianza mwezi Juni. Asubuhi tatu kwa wiki, kabla mtoto hajatia kitu kinywani, alimpa nusu kikombe cha mgongo mweupe uliolainishwa kwa maziwa ya kopo. Pansy hakuwa na mafua. Edris alikuwa akimjenga, mafua ya Birmingham yakija yakute mlango umefungwa.

Septemba mvua zilianza na Pansy akashikwa na mafua ya kawaida: kamasi, chafya, kikohozi cha usiku, kama watoto wote wa Tirza wiki hiyo. Wengine walipona. Edris aliongeza chai ikawa kila asubuhi. Mwishoni mwa mwezi mtoto alikuwa amekonda mikono na mapaja, lakini tumbo lilikuwa limejitokeza mbele na kukaza.

Aliyelisema kwanza alikuwa Zilla Brissett, jirani, mjane mwenzake, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alipita kuomba moto wa mkaa akamkuta Pansy amekaa kizingitini.

"Edris! Mtoto huyu umemlisha ngoma?"

"Acha maneno yako, Zilla."

"Nasema ninachokiona. Miguu ya kuku, tumbo la shemasi."

Edris alicheka, kwa sababu shemasi wa Tirza kweli alikuwa na tumbo. Kisha akaacha kucheka. "Ni baridi. Imeshuka."

"Basi iteremshe mpaka itoke. Nani atakufundisha wewe kazi hiyo? Mwongezee chai."

Akamwongezea. Nusu kikombe ikawa kikombe kizima. Wiki moja baadaye mkanda wa gauni la Pansy haukufika nyuma kufungwa, na Edris akambeba mgongoni kwenda kliniki.

Kliniki ilifanyika kila Jumanne katika chumba cha nyuma cha kanisa la Baptisti. Nesi alikuwa mpya, anaitwa Lyttle, miaka ishirini na sita, kutoka Kingston, mrefu, mwenye saa ya mkononi aliyoivaa uso ukiwa ndani. Alimlaza Pansy kwenye benchi, akapasha vidole vyake kwa kuvisugua, akavitia chini ya mbavu za kulia. Alibonyeza polepole. Edris aliona midomo ya nesi ikihesabu bila sauti: kimoja, viwili, vitatu.

"Ini limeshuka vidole vitatu," alisema. "Na humu ndani mna maji. Mis Edris, anakunywa nini huyu?"

"Chai, Nesi. Kama kila mtu."

"Chai ya nini?"

"Ya majani. Kwani wewe hukunyweshwa?"

"Mimi? Mama yangu alinikimbiza na kikombe mtaa mzima, majirani wanasaidia kunikamata." Nesi alitabasamu, akafungua daftari, na tabasamu likaisha. "Nitajie moja moja. Wapo madaktari kwenye hospitali kubwa ya Kingston wanaopokea watoto wa milimani wenye matumbo kama haya. Wamewapima kila kitu. Sasa wanataka kujua majani. Yote. Moja likikosekana hapa, wale wanapapasa gizani."

Edris akataja. Mchaichai. Tangawizi, ambayo nesi alisema si jani lakini akaiandika. Jani la uzima, mpera, mchungwa, karela pori. Alitaja kwa mpangilio, pamoja na kazi ya kila moja, kama mtu anayetoa ushahidi na hana la kuficha. Alipofika la kumi alinyamaza.

"Na lingine?"

"Hayo tu."

"Hakika?"

"Nesi, mimi nimelea watoto sita."

Alikuwa na sababu mbili, na moja tu ndiyo aliyoweza kuisema kwa sauti hata akiwa peke yake. Mwaka uliotangulia polisi walimchukua mzee wa kijiji cha pili kwa kukutwa na chupa na mizizi. Wakamwita mchawi, akafungwa miezi sita, akarudi hana meno mawili. Jani linalofahamika na kila mtu halimpeleki mtu mahakamani. Jani analolijua mtu mmoja ni jambo lingine. Sababu ya pili ilikuwa kwamba kulitaja lile jani mbele ya lile tumbo kungekuwa ni kuuliza swali, na Edris hakuwa tayari kusikia likijibiwa.

"Basi nisikilize," nesi alisema. "Kuanzia leo hakuna chai ya majani. Ya aina yoyote. Maziwa, uji, maji yaliyochemshwa."

"Na mafua?"

"Mafua yataondoka yenyewe. Siku saba, siku kumi. Apumzike, anywe maji ya kutosha."

"Yenyewe," Edris alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba paa linalovuja litajiziba.

"Yenyewe. Hiyo ndimu na asali yako haina neno, inalainisha koo. Lakini majani, hapana. Na Jumanne ijayo nikikuta ini halijarudi hata kidogo, mtoto anakwenda Kingston."

Njiani kurudi Pansy alilala begani. Edris alipima maagizo aliyopewa na kuyagawa mafungu mawili. Mchaichai haukuwahi kumdhuru mtu. Huo angeendelea kumpa, na nesi hangejua. Mgongo mweupe angeuweka kando kwa wiki moja tu, ili Jumanne nesi aridhike na asitaje tena hospitali. Hakuwa na nia ya kujaribu jambo lolote. Lakini alichofanya kilikuwa jaribio: aliondoa kitu kimoja na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa.

Siku ya tatu Pansy aliomba ndizi ya kuchemsha na akaimaliza. Siku ya tano alimfukuza kuku. Jumanne tarehe 18 alipopimwa alikuwa amepungua ratili moja, na nesi akafurahi, furaha ambayo Edris hakuielewa mpaka alipoelezwa kwamba kilichopungua ni maji ya tumboni. Ini lilikuwa vidole viwili.

"Umeona?" nesi alisema. "Umefanya nini?"

"Ulichoniambia," Edris alijibu, akatazama chini.

Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa na amani, ingawa Edris hakulala vizuri. Jumamosi tarehe 22 mambo mawili yalikuja pamoja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na Pansy akaanza kukohoa upya. Adhuhuri ikaja barua. Lurline aliandika kwamba nafasi ya meli imethibitishwa, tarehe 9 Januari, na kwamba amenunua koti jekundu kwenye duka la vitu vilivyotumika, lenye vifungo vikubwa. Aliuliza swali moja: Mama, kifua chake kikoje?

Zilla ndiye aliyeisoma barua, kwa kuwa macho yake yalikuwa mazima na Edris hakusoma vizuri maandishi ya mkono. Aliikunja, akasikiliza kikohozi kutoka chumbani.

"Hiyo unaisikia?"

"Naisikia."

"Na umekaa."

"Nesi amesema nisimpe kitu. Yatatoka yenyewe."

"Nesi!" Zilla aligonga meza kwa kiganja. "Nesi ana watoto wangapi? Kitoto cha Kingston, kimekuja juzi na saa yake, kinakufundisha wewe mafua? Miaka yote unatibu watoto wa watu, leo wako anabweka kama mbwa na wewe umekunja mikono. Utamwandikia nini Lurline? Kwamba ulingoja?"

"Zilla, tumbo lilipungua."

"Lilipungua kwa sababu chai ilikuwa imeshafanya kazi. Ikakatishwa katikati. Ndiyo maana baridi inarudi."

Maneno ya Zilla yalikuwa na mantiki, mantiki ileile ambayo Edris mwenyewe aliifundisha kijijini kwa miaka thelathini, na sasa ilimrudia ikisemwa kwa sauti kubwa kuliko yake. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, alikwenda chemchemini akachuma kiganja kimoja. Pansy alifumba midomo. Edris akambana pua, kama watoto wote wa Tirza wanavyobanwa pua, na kikombe kikaisha.

Jumanne tarehe 25 hakwenda kliniki. Alijiambia kwamba njia ina matope.

Jumatano Pansy aliacha kula. Alhamisi hakutaka kushuka kitandani. Ijumaa alikaa ameegemea mwimo wa mlango, kope nzito, ngozi ya uso imekuwa na rangi ya majivu, na alipovalishwa gauni alisema, bila kulia, "Bibi, mkanda unauma." Edris aliulegeza. Baadaye akaulegeza tena. Jioni aliutoa kabisa, akaukunja na kuutia kwenye sanduku ili asiuone.

Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Hilo lilimtisha kuliko tumbo. Mafua yalikuwa yameondoka, siku ya sita au ya saba, na mtoto alikuwa akizidi kuwa mgonjwa.

Jumamosi alishuka chemchemini kuchuma ya kesho. Mbuzi wa Zilla alikuwa amefungwa huko kwa siku mbili, kamba ndefu, mvua juu yake, na kwa njaa alikuwa amekula kila kitu kilichofikiwa na kamba: nyasi, magugu, magome ya mpera mchanga, hata majani makavu ya mgomba. Duara lile lilikuwa tupu kama sakafu iliyofagiwa. Katikati yake vichaka vitatu vya mgongo mweupe vilisimama vizima, bila jani lililong'atwa. Mbuzi alikuwa amekanyaga ardhi yote kuvizunguka.

Edris alisimama hapo muda mrefu, mkono umeshanyooshwa kuchuma. Alikuwa mtu wa kumbukumbu, na sasa kumbukumbu ilifanya kazi bila kuombwa. Siku kumi na mbili bila jani hili, mchaichai kila asubuhi: tumbo lilipungua. Siku saba za jani hili: tumbo lilirudi. Alirudi nyuma zaidi. Juni, mtoto mzima. Agosti, mikono imeanza kukonda, akadhani ni kimo kinaongezeka. Akarudi nyuma zaidi, zaidi ya Pansy.

Miaka miwili kabla ya hapo Hyacinth Moodie, anayekaa juu kabisa ya njia ya kanisa, alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Vinton, wa miaka miwili. Mafua yalimshuka tumboni. Edris alipeleka chupa. Tumbo likazidi, akapeleka ya pili, na ya tatu, kali zaidi, kwa miguu yake mwenyewe kwenye mvua. Mtoto alitapika damu Alhamisi na kuzikwa Ijumaa. Hyacinth alimshukuru. Alisema mbele ya watu wote makaburini kwamba Mis Edris alifanya yote yawezekanayo, na aliendelea kumletea mayai mpaka leo.

Edris alichuma jani moja tu, akalifunga kwenye leso. Jumapili hakumpa Pansy chai yoyote wala hakwenda kanisani. Jumatatu vivyo hivyo. Zilla alipogonga mlango, alimwambia kupitia dirishani kwamba yeye mwenyewe ana mafua.

Jumanne tarehe mosi Novemba alifika kliniki kabla ya nesi kufungua, mtoto mgongoni. Zilla alimfuata, hakualikwa, akakaa kwenye ngazi za nje. Nesi Lyttle alimtazama Pansy akiwa bado mlangoni, na hakuuliza kwa nini hawakuja wiki iliyopita. Alimlaza. Vidole vinne.

"Nesi," Edris alisema, "kalamu unayo?"

"Ninayo."

Alifungua leso, akaliweka jani juu ya daftari. Lilikuwa limenyauka lakini upande wa chini ulikuwa bado mweupe. "Andika la kumi na moja."

Nesi hakuligusa kwanza. "Linaitwaje?"

"Mgongo mweupe."

"Umempa tangu lini?"

"Juni."

"Na ile wiki alipopungua?"

"Niliacha hilo tu. Mchaichai nilimpa, nikakuficha. Halafu nikalirudisha. Siku saba." Alisema haya akiwa amesimama wima, mikono imeshuka, kama anasomewa mashtaka. "Sasa hajanywa tangu Jumamosi."

Nesi aliandika, na aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa. Kisha akalitia jani ndani ya bahasha, akaandika tarehe juu yake.

"Atapona?" Edris aliuliza.

"Sijui, Mis Edris. Wapo wanaopona jani likikomeshwa. Wapo ambao ini limeshaharibika, halirudi. Nikikwambia zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

"Na meli ya Januari?"

"Hakuna meli ya Januari."

Kutoka kwenye ngazi Zilla, ambaye alikuwa akisikia kila neno, aliinuka akasogea mlangoni.

"Nani mwingine umempa?" nesi aliuliza.

Edris alifumba macho, akaipanda njia ya kijiji kichwani mwake, nyumba kwa nyumba, kulia na kushoto. Alitaja nyumba nane, na watoto waliomo, na mara ya mwisho kila mmoja kupelekewa chupa. Nesi alimfuata kwa kalamu. Watoto kumi na watatu. Wawili kati yao walikuwa na chupa nyumbani siku hiyo.

"Basi?"

"Na Hyacinth Moodie."

Nesi alipekua kurasa. "Huyu sina. Hana mtoto mdogo."

"Alikuwa naye."

Kalamu ilisimama. Nesi aliliandika jina la Hyacinth mwisho wa orodha, akaulizia na jina la mtoto, akaliandika pia.

"Utaita polisi?" Edris aliuliza.

"Polisi nawatakia nini? Nakutaka wewe. Njia za huko juu sizijui, na nikibisha peke yangu watanipa kiti, watanipa chai, na chupa wataisukumia chini ya kitanda. Wewe watakuonyesha."

"Wakinifukuza?"

"Watakufukuza wakiwa wameshasikia. Na kuzipitia nyumba ni lazima iwe Alhamisi: leo nina kliniki, kesho nashuka posta kumwandikia daktari na kutuma simu. Lori la ndizi linakwenda Kingston Alhamisi. Nitazungumza na dereva amchukue Pansy."

Edris alielewa kabla nesi hajamaliza. "Alhamisi mimi nipo naye kwenye lori."

"Alhamisi wewe upo na mimi, Mis Edris. Zile chupa mbili zinanywewa kila asubuhi."

Pansy alikuwa ameamka. Aliangalia dari, mikono juu ya tumbo lake, hakuomba kitu. Edris alimtazama, kisha akatazama orodha ambayo hakuweza kuisoma vizuri, akakaa kwenye benchi kando ya mtoto.

Zilla aliingia. Uso wake ulikuwa umevimba. "Mimi nina mikono," alisema. "Nitampakata mpaka Kingston. Nitakaa naye. Wakinifukuza wodini nitalala getini." Alimgeukia Edris. "Mimi ndiye niliyesema umwongezee."

"Jani nililichuma mimi," Edris alisema.

"Na mimi nikakusukuma."

"Zilla. Mfunike miguu, kuna ubaridi."

Lori la ndizi litasimama mbele ya kanisa Alhamisi tarehe 3 Novemba, saa kumi na mbili asubuhi. Zilla Brissett atapanda mbele na Pansy mapajani, pamoja na bahasha ya daktari. Edris Pinnock atabaki. Yeye na Nesi Lyttle wataanza na nyumba mbili zenye chupa, kisha zile sita, na wakishamaliza hizo watapanda mpaka juu kabisa ya njia, kwa Hyacinth Moodie, na Edris ndiye atakayesema.